Kifua cha mchimbaji: si kila kitu ni asima

Hapa Kalengera, kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, ukitaka kujua mwanaume gani aliacha nguvu yake ndani ya mine, usimuulize. Mwangalie tu wakati anarudi shamba. Kijana anapita na mfuko wa mahindi kichwani, tena anaongea kwenye telefone. Baba wa miaka 48, mikono mitupu, anasimama mara tatu njiani, anashika magoti, anangoja hewa irudi. Ukimuuliza iko nini, jibu ni lile lile: "Iko asima tu, mukubwa. Njo vile docta alisemaka."

Sisi wa sendika ya wachimbaji tumesikia jibu hilo Rubaya, tumelisikia Walikale, na sasa tunalisikia nyumbani, kwa wenzetu waliorudi vijijini kwa sababu ya vita au kwa sababu mwili ulikataa. Wengi tulianza nao kazi tungali vijana. Walipoingia shimoni na miaka 20, hawakuwa na asima. Utotoni pia hawakuwa nayo. Imekuja wakiwa na miaka 40, 45, 50. Tena imekuja kwa wengi waliopita kwenye mashimo yale yale. Hapo mtu lazima ajiulize: asima gani hii inayochagua watu kwa kufuata kazi yao?

Asima, ambayo vitabu vya Kiswahili vinaita pumu, iko kweli, na inashika hata watu wazima na wazee. Hatutaki mtu asome hapa halafu atupe dawa zake. Lakini kwetu neno hilo limekuwa mfuko mkubwa. Vumbi la mawe linatupwa ndani, moshi wa makala ndani, kovu la kifua kikuu ndani, hewa chafu ya volkano ndani. Halafu mfuko unafungwa, unaandikwa "asima". Hasara yake ni mbili. Ya kwanza, mgonjwa anapewa dawa isiyo yake. Ya pili, na hii ndiyo inatuuma zaidi, kazi iliyomharibu inapotea kwenye karatasi. Asima, watu wanasema, ni mambo ya mwili wake, alizaliwa nayo, hakuna anayedaiwa. Vumbi la mine lina mwenyewe.

Hesabu zinasema nini

Tuanze na ulimwengu mzima. OMS, shirika la afya la dunia, ilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na asima, na watu 455 000 walikufa nayo. Wengi wa hao waliokufa walikuwa katika nchi kama zetu, ambako dawa ni ngumu kupata na ugonjwa hauandikwi vizuri. Kwa hiyo asima si ugonjwa wa watoto wa wazungu peke yao, kama wengine wanavyosema.

Karibu yetu, majirani wa Uganda walifanya hesabu ya nchi nzima, ikatangazwa mwaka 2019. Walikuta karibu watu 11 katika kila 100, kuanzia miaka 12, wako na asima. Wanawake walizidi wanaume, watu wa mjini walizidi wa vijijini, na wavuta sigara walikuwa kwenye hatari zaidi.

Lakini kuna hesabu nyingine ya Uganda ambayo inatuhusu zaidi sisi watu wa umri wa kati. Huko Masindi, ng'ambo ya ziwa Albert, watafiti walipima pumzi ya wanakijiji wa miaka zaidi ya 30. Wakakuta kama 16 katika 100 hawana asima bali wana ugonjwa mwingine, ule waganga wanaita BPCO. Katika BPCO njia za hewa ndani ya mapafu zinakuwa nyembamba pole pole, na hazirudi tena kama zamani. Sababu kubwa iliyoonekana haikuwa sigara peke yake. Ilikuwa moshi wa kuni: karibu kila mtu pale aliishi ndani ya moshi tangu kuzaliwa. Na wengi wa wagonjwa hao walikuwa bado na nguvu za kazi, hawakuwa wazee wa fimbo.

Na kazi yenyewe? Wataalamu wa magonjwa ya mapafu wa Marekani na Ulaya walikusanya tafiti nyingi, wakasema mwaka 2019 kwamba katika watu wazima 100 wenye asima, wa 16 hivi waliipata kwa sababu ya kazi wanayofanya. Hiyo ni kwa nchi zenye maski, mashine za kunyonya vumbi na wakaguzi. Msomaji atazame mwenyewe hali ya mashimo yetu, halafu afikiri.

Vumbi ambalo jicho halioni

Coltan, kasiteriti na dhahabu havikai peke yake ardhini. Mara nyingi vinakaa pamoja na jiwe gumu jeupe, quartz. Quartz ni silika. Ukilipiga kwa nyundo na barre à mine, ukalitoboa kavu, ukalisaga, linatoa vumbi dogo sana. Lile vumbi unaloona kwenye nyusi za mwenzako si lile baya zaidi. Lile linakwama puani na kooni, unalitema. Lile baya ni dogo kuliko unywele mara kumi na zaidi. Linapita, linashuka mpaka chini kabisa ya mapafu, na haliondoki. Mwili unajaribu kulipiga vita, unashindwa, unajenga kovu. Kovu juu ya kovu. Mapafu yanakuwa magumu kama ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa. Huo ni silikosi.

Silikosi haina haraka. Mara nyingi inachukua miaka 10, 20 au zaidi ndipo ionekane, ingawa mahali penye vumbi kali sana inaweza kuja baada ya miaka michache au hata miezi. Na mtu akiacha kazi, yenyewe haiachi. Ndiyo maana mwanaume anatoka mine akiwa mzima, anafungua duka lake, halafu miaka saba baadaye anaanza kukosa pumzi. Nani atakumbuka shimo? Watasema asima. Wengine watasema ni sumu, jirani amemroga.

Tanzania walipima vumbi ndani ya mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, matokeo yakatoka mwaka 2015. Chini ya ardhi, silika ilizidi kiwango wataalamu wa Marekani wanachopendekeza kwa mfanyakazi mara 337. Soma tena: si mara tatu, ni mara mia tatu na thelathini na saba. Mashimo yale hayana tofauti kubwa na ya kwetu: nyundo, kamba, taa ya kichwa, na hewa kidogo.

Kwa coltan pia, watafiti wa Congo pamoja na wenzao wa nje walitoa mwaka 2018 kazi yao juu ya wachimbaji wa hapa nchini. Waliwaweka upande mmoja, na wafanyakazi wa ofisi upande mwingine. Wachimbaji walizidi kwa malalamiko ya kifua na pumzi. Sisi hatukushangaa. Tulifurahi tu kwamba mtu ameandika.

Tusisahau wamama. Kamituga, Kivu ya Kusini, kuna wamama wanaoitwa twangaises, kwa sababu kazi yao ni kutwanga. Wanakaa chini na kinu cha chuma, wanatwanga jiwe la dhahabu mpaka linakuwa unga, mara nyingi na mtoto mgongoni. Hawajashuka shimoni hata siku moja, lakini unga ule ni silika ile ile, tena umeshasagwa tayari kwa kuvutwa. Mama kama huyo akikohoa na miaka 45, hakuna anayemuita mchimbaji. Ataambiwa ni baridi, ni moshi, ni asima.

Moshi wa nyumba na hewa ya volkano

Tuwe wakweli, si kila kitu ni mine. Katika Masisi na Rutshuru jioni ni baridi, jiko liko ndani, dirisha limefungwa. Mama anapika maharage saa tatu juu ya kuni mbichi. Goma mjini ni mbabula na makala. OMS inakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3,2 katika mwaka 2020. Moshi unachokoza asima, na unaleta BPCO hata kwa mtu asiyegusa sigara. Mchimbaji anayekula vumbi mchana na moshi usiku hana saa ambayo mapafu yake yanapumzika. Akiongeza sigara, kama wengi wanavyofanya ili kusahau baridi ya shimo, anakuwa na maadui watatu kwa pamoja.

Na maelfu ya watu waliokimbia vita wakapitia kambi za Goma, kama Kanyaruchinya na Bulengo, walipika ndani ya vibanda vya hema, moto karibu na godoro. Kambi zile zilivunjwa mwanzo wa mwaka 2025, watu wakarudishwa vijijini, lakini kikohozi walirudi nacho.

Halafu iko Nyiragongo. Kila mtu anakumbuka moto wa 1977, wa Januari 2002, na wa tarehe 22 Mei 2021. Lakini hata siku ambazo mlima hautoki nje, Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira wanatoa hewa ya salfa. Hewa ile inauma macho na koo, na mtu mwenye asima anabanwa siku hiyo hiyo. Mara nyingi upepo unaipeleka upande wa magharibi, kwa watu wa Rusayo, Sake na Masisi. Maana yake mchimbaji wa Masisi anaweza kuipata hata kwenye siku yake ya kupumzika.

Juu ya vumbi jeusi la volkano tuseme jambo moja, kwa sababu watu wanachanganya. Wale wanaopasua mawe meusi ya Goma kutengeneza kokoto wanakohoa, na vumbi lile linachokoza kifua. Lakini jiwe la Nyiragongo halina quartz, kwa hiyo haliko hatari ya aina moja na jiwe jeupe la mine. Docta akijua mtu alipasua mawe meusi Goma au alitoboa mawe meupe Walikale, tayari anafikiri tofauti. Ndiyo maana swali la kazi si la udadisi. Ni sehemu ya dawa.

Kifua kikuu nyuma ya mlango

Hili wengi hawalijui. Mtu mwenye silika ndani ya mapafu anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine, mara tatu na zaidi. Askari wa mwili wanaopaswa kuua kile kidudu wamechoka kupigana na vumbi. Na nchi yetu iko katika orodha ya nchi 30 duniani zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Ndani ya shimo tunapumuliana, usiku tunalala kumi katika kibanda kimoja. Mmoja akiwa nacho, wanaobaki wako katika hatari.

Sasa mtu huyo akiambiwa ana asima, atanunua pompi, atakohoa miezi sita nyumbani na watoto, na kidudu kinatembea. Kuna pia upande wa pili. Mtu anatibiwa kifua kikuu, anamaliza dawa za miezi sita, anapona, lakini pumzi hairudi kwa sababu kovu limebaki au silikosi ilikuwepo. Anarudi hospitali, anapewa tena dawa za kifua kikuu bila kipimo, mara ya pili, ya tatu. Tunamjua mwenzetu mmoja aliyepita njia hiyo yote. Siku docta mmoja alipomuuliza kwa mara ya kwanza, "Papa, ulifanya kazi gani?", alilia.

Namna ya kutofautisha

Hatuko waganga, lakini haya tumejifunza kwao, na kila familia inaweza kuyaangalia.

Asima inakuja na kuondoka. Usiku au alfajiri kifua kinabana, kinapiga filimbi, halafu siku nyingine mtu ni mzima kabisa, anacheza mpira. Mara nyingi kuna ndugu wengine nayo. Pompi inasaidia upesi.

BPCO haiondoki. Kila asubuhi kikohozi na makohozi, kila mwaka pumzi inapungua kidogo. Inaanza zaidi baada ya miaka 40. Pompi inasaidia kidogo.

Silikosi inaanza na kukosa pumzi wakati wa kupanda mlima, na kikohozi kikavu. Filimbi inaweza isiwepo. Pompi haifanyi kitu cha maana. Picha ya radio, pamoja na historia ya kazi, ndivyo vinavyoionyesha. Haina dawa ya kuiponya, lakini ukitoka mapema kwenye vumbi na ukatibiwa magonjwa yanayoifuata, unaishi zaidi na vizuri zaidi.

Kifua kikuu kinakuja na homa ya jioni, jasho la usiku, kukonda, labda damu. Kikohozi kikipita wiki mbili, usingoje, peleka makohozi yapimwe.

Tena, miguu ikivimba na mtu hawezi kulala chali, inaweza kuwa moyo. Na mtu mmoja anaweza kuwa na mawili au matatu kwa pamoja. Kwa hiyo usijitibu kwa kusoma gazeti, hata hili.

Kwa wale ambao kweli wana asima, kuna kosa kubwa linalofanyika. Wanabaki na pompi ya bluu peke yake, ile ya kufungua kifua. Tangu mwaka 2019 wataalamu wa asima wa dunia wanasema mtu mzima asitibiwe kwa pompi ya kufungua peke yake. Anahitaji pia dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe ndani, hata siku ambazo anajisikia vizuri. Dawa hizo mbili ziko kwenye orodha ya OMS ya dawa za lazima. Kwetu, hasa tangu Goma ilipochukuliwa mwisho wa Januari 2025, benki zikafungwa na ndege zikaacha kutua, ile ya pili wengi hawaijui hata kwa jina. Badala yake watu wananunua vidonge vya dexa sokoni. Vinaleta nafuu ya haraka, ndiyo. Vikitumiwa muda mrefu vinaleta sukari, vinalegeza mifupa, vinapunguza nguvu za mwili na kuamsha kifua kikuu kilicholala.

Nani anahesabu?

Madini ya Rubaya yanahesabiwa vizuri sana. Septemba 2024 Bibi Bintou Keita, aliyekuwa mkuu wa MONUSCO, aliliambia Baraza la Usalama kwamba eneo la Rubaya linatoa zaidi ya 15 katika 100 ya tantali ya dunia, na kwamba biashara ile inaingizia kundi lililolishika kama dola 300 000 kwa mwezi. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa Congo na Rwanda walitia sahihi Washington, na biashara ya madini ilikuwa ndani ya mazungumzo. Katika miaka ya kufuatilia madini tuliona kila mfuko ukifungwa na etiketi yenye namba, ili mnunuzi wa mbali ajue umetoka shimo gani. Ni vizuri. Lakini kikohozi hakina etiketi. Hatujaona kitabu kinachosema mtu huyu alitoboa shimo fulani miaka 14 na sasa hawezi kupanda ngazi.

Sheria ziko. Code du travail ni ya 2002. Sheria ya usalama wa jamii ya Julai 2016 inaipa CNSS kazi ya kulipa ajali na magonjwa yanayotokana na kazi. Lakini njia hiyo inapita kwa mwajiri anayelipa michango. Mchimbaji wa mkono ana PDG wa shimo, ana koperative, ana karata ya mwaka mmoja, hana mkataba. Siku ya kugawana mfuko PDG ni bosi. Siku ya ugonjwa anasema, "Sisi wote ni wachimbaji, ndugu yangu, kila mtu na bahati yake." Code minier ya 2018 ilitulazimisha kuingia katika koperative. Basi koperative isiwe ya kukata asilimia peke yake. Na code hiyo hiyo inatoa 15 katika 100 ya redevance ya madini kwa mamlaka za chini, na 25 kwa jimbo. Leo mashimo mengi yako nje ya mkono wa serikali, na mgao huo unabaki kwenye karatasi. Lakini vita vitaisha, na yeyote atakayekaa mezani akumbuke kwamba kuna deni la mapafu.

Msiseme haiwezekani. Afrika Kusini, wachimbaji wa dhahabu walikufa na silikosi kwa miaka zaidi ya mia moja. Mkutano wa kimataifa juu ya ugonjwa huo ulifanyika Johannesburg tangu 1930, kwa hiyo wakubwa walijua. Watu wa Lesotho, wa Msumbiji, wa Cape ya Mashariki, walirudi kwao na kifua kibovu, wakafia vijijini kama sisi. Halafu wajane na wagonjwa waliungana, wakaenda mahakamani. Julai 2019 mahakama kuu ya Johannesburg ilikubali mapatano na makampuni sita ya madini, kwa randi bilioni 5. Mfuko unaoitwa Tshiamiso ndio unalipa.

Malipo yale si makubwa kwa mtu aliyepoteza mapafu, na wengi walikufa kabla. Lakini angalieni kilichowasaidia. Walikuwa na vitu viwili: karatasi ya docta iliyosema silikosi, na karatasi ya kazi iliyosema alichimba wapi, miaka mingapi. Kama karatasi ya docta ingesema "asima" peke yake, wangerudi nyumbani mikono mitupu.

Tunaomba nini

Kwa wachimbaji wenyewe: mwageni maji juu ya jiwe kabla ya kutoboa na wakati wa kupiga. Maji ni dawa ya bei ndogo kuliko zote. Kitambaa mdomoni hakizuii vumbi dogo, maski ya FFP2 inayoshika uso vizuri inazuia. Nguo za shimo zisiingie nyumbani, watoto wanavuta vumbi lake. Wamama wanaotwanga, loweni jiwe, kaeni upande ambao upepo unatoka. Nyumbani, mbabula isilale ndani na watu, inaua usiku mmoja.

Kwa PDG na koperative: kitabu cha majina. Nani, shimo gani, tangu mwaka gani, kazi gani: kutoboa, kubeba, kutwanga au kusafisha. Kwa wanaotoboa, maski na zamu fupi. Shirika la kazi duniani liliweka Juni 2022 usalama na afya kazini kati ya haki za msingi za mfanyakazi. Haikusema ni kwa wenye mkataba peke yao.

Kwa wauguzi na madocta wetu, tunaojua wanafanya kazi bila mishahara ya kutosha: ulizeni kazi ya mtu, ya leo na ya zamani, na muiandike kwenye fiche. Ni mstari mmoja. Mchimbaji anayekohoa wiki mbili apimwe kifua kikuu kabla ya kuitwa mgonjwa wa asima. Kile kipimo kidogo cha plastiki cha kupuliza si kitu cha bei kubwa, kila kituo cha afya karibu na mine kinastahili kuwa nacho.

Kwa SAEMAPE na Division ya mines, na kwa wote wanaojadili madini yetu mbali na hapa: wekeni mapafu kwenye hesabu, kando ya tani.

Sisi hapa Kalengera tumeanza na daftari ya shule, yenye mistari. Kila mwenzetu wa zamani tunamuandika: umri, shimo, miaka, kazi, na kikohozi kilianza lini. Yule baba wa miaka 48 tulimuandika wiki iliyopita. Tulipomuuliza ugonjwa, alianza kusema asima, akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Andikeni kwanza Rubaya, miaka kumi na mbili, kutoboa. Jina la ugonjwa docta atalisema."

Tunaomba wengine wafanye hivyo hivyo, katika kila kijiji ambako mchimbaji amerudi. Na mkienda hospitali, msisubiri kuulizwa kazi yenu. Semeni wenyewe.